Ngamia Mwenye Miwani Alikuwa Akimuuzia Nani? Kisa cha Joe Camel

Tarehe 10 Julai 1997 kampuni ya sigara ya R.J. Reynolds, yenye makao yake Winston-Salem katika jimbo la North Carolina, ilitangaza kwamba Joe Camel hatatumika tena katika matangazo yake nchini Marekani. Joe hakuwa mtu. Alikuwa ngamia wa katuni mwenye pua kubwa, miwani ya jua na sigara mdomoni, na kwa karibu miaka kumi alikuwa amebandikwa kila pembe ya nchi ile: mabango ya barabarani, majarida, milango ya maduka, kofia na fulana.

Kisa chake husimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida husimuliwa kwa ufupi hivi: watafiti waligundua kwamba watoto wa miaka sita wanamjua Joe sawasawa na Mickey Mouse, umma ukawaka, kampuni ikasalimu amri. Si uongo. Ila kwa maoni yangu ushahidi huo uliovuma kuliko wote ndio uliokuwa rahisi zaidi kuujibu. Uliowabana wenye kampuni haukutoka vinywani mwa watoto. Ulitoka kwenye makabati ya kampuni yenyewe, na ulichelewa kutoka. Nitaeleza kwa nini naona hivyo, kwa sababu tofauti hiyo ina uzito kwa yeyote anayejaribu leo kuthibitisha kwamba bidhaa fulani inawawinda vijana.

Tuanze na shida ya kibiashara iliyomzaa huyo ngamia. Sigara za Camel ziliingia sokoni mwaka 1913. Ngamia aliye kwenye pakiti alichorwa kutokana na picha ya ngamia halisi wa sarakasi ya Barnum & Bailey, aliyeitwa Old Joe. Kwa miongo kadhaa Camel ilikuwa chapa kubwa, kisha ikazeeka pamoja na wavutaji wake. Kufikia miaka ya 1980 wateja wake waaminifu walikuwa wazee waliozoea sigara kali isiyo na kichungi, na mzee anayevuta sigara hivyo ni mteja ambaye kampuni inajua itampoteza, ama kwa kuacha au kwa kuzikwa. Upande wa pili alisimama mpinzani, Philip Morris, na Marlboro yake yenye mchunga ng'ombe juu ya farasi, na vijana wengi waliokuwa wakianza kuvuta walianza na hiyo.

Tangu tarehe 2 Januari 1971 matangazo ya sigara yalikuwa yamepigwa marufuku kwenye redio na televisheni za Marekani. Mapambano yote kwa hiyo yalihamia kwenye karatasi, mabango, udhamini wa michezo na zawadi. Katika uwanja kama huo sauti haisaidii kitu. Picha ndiyo inayofanya kazi yote, na inatakiwa imkamate mtu anayepita kwa gari au anayefungua ukurasa kwa haraka.

Picha hiyo tayari ilikuwapo. Mwaka 1974 mchoraji Mwingereza, Nicholas Price, alikuwa amemchora ngamia wa kuchekesha kwa ajili ya kampeni ya Camel huko Ufaransa. Camel ilipokuwa inatimiza miaka 75, mwaka 1988, ofisi ya Marekani ilimchukua ngamia yule, ikamvalisha upya na kumwachia barabarani. Kaulimbiu ilimwita jamaa mtulivu mwenye mambo yake.

Ukitaka kuelewa alivyofanya kazi, mtazame kwa makini. Katika tangazo moja amevaa suti nyeusi ya sherehe na tai ya kipepeo, katika lingine jaketi la ngozi na pikipiki, katika lingine yuko kwenye meza ya biliadi, katika lingine ana saksofoni na bendi yake ya ngamia wenzake. Nyuso za wengine hugeukia kwake. Yeye hamwangalii mtu. Mkono mmoja umetumbukia mfukoni. Sigara inaning'inia pembeni mwa mdomo kana kwamba imesahauliwa hapo. Hakuna popote anaposema sigara ni tamu, wala kwamba ni salama, wala "nunua". Hasemi chochote kuhusu tumbaku kinachoweza kukanushwa. Daktari anaweza kupinga dai. Ila atapinga vipi mkao?

Na mkao ndio alioukosa mvulana wa miaka 14. Umri huo mtu hajui aweke wapi mikono yake. Anaona haya kwa sauti inayobadilika, anahofia kuchekwa, anataka kuonekana amekua kabla hajakua. Mtu mzima wa miaka 40 ambaye tayari anavuta sigara za Winston hana haja na ngamia wa kumfundisha kusimama. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba katuni ndiyo iliyokuwa kosa. Kuna matangazo mengi ya katuni yanayowalenga wazazi. Hapa katuni ilikuwa njia ya kumwonyesha mtu ambaye kila kijana angetaka kuwa yeye, bila kumtumia binadamu mwenye umri unaoweza kuhojiwa. Ngamia hana miaka. Huwezi kumshtaki mtangazaji kwamba mtu wake anaonekana ana miaka 17.

Kisha zikaja noti. Kuanzia mwaka 1991 pakiti za Camel zenye kichungi zilibandikwa noti ndogo za bandia zilizoitwa Camel Cash. Juu yake alikuwapo Joe amevalishwa kama George Washington kwenye dola moja, na miwani ya jua usoni. Ukikusanya noti za kutosha unazibadilisha kwa vitu vya kwenye katalogi: kofia, fulana, kandambili za ufukweni, vikombe, majaketi, vyote vikiwa na sura ya Joe. Katalogi ilisema ni kwa watu wa miaka 21 kwenda juu. Lakini hebu fikiria ni nani hasa anayehesabu noti za karatasi kwa wiki kadhaa ili apate fulana. Na fulana ikishavaliwa shuleni, tangazo limeingia darasani bila kulipiwa, juu ya mgongo wa mwanafunzi mwenyewe, na limepata kitu ambacho bango halipati: rafiki anayelithibitisha.

Tarehe 11 Desemba 1991 jarida la madaktari la JAMA lilichapisha tafiti tatu kwa mpigo. Ya kwanza ndiyo iliyovuma. Daktari Paul Fischer na wenzake waliwachukua watoto 229 wa miaka mitatu hadi sita kutoka shule za chekechea katika miji ya Augusta na Atlanta, jimbo la Georgia. Kila mtoto aliwekewa mbele ubao wenye picha za bidhaa 12, akapewa kadi 22 zenye nembo mbalimbali, akaambiwa aweke kila kadi kwenye bidhaa yake. Mchezo, hakuna zaidi. Kadi ya ngamia ilipofika mikononi mwao, watoto wa miaka mitatu walioiweka juu ya picha ya sigara walikuwa asilimia 30. Kati ya wa miaka sita walikuwa asilimia 91.3, karibu sawa na waliotambua nembo ya chaneli ya Disney yenye sura ya Mickey Mouse. Watoto hao wengi hawakujua kusoma, na televisheni haikuwa imerusha tangazo la sigara tangu kabla hawajazaliwa.

Utafiti wa pili, wa Joseph DiFranza na wenzake, uliwalinganisha wanafunzi wa sekondari na watu wazima. Wanafunzi waliowahi kumwona Joe walikuwa asilimia 97.7, watu wazima asilimia 72.2. Watafiti walikadiria pia kwamba sehemu ya Camel miongoni mwa wavutaji walio chini ya miaka 18 ilipanda kutoka asilimia 0.5 hadi asilimia 32.8, na mauzo haramu kwa watoto kutoka dola milioni 6 hadi milioni 476 kwa mwaka. Wa tatu, wa John Pierce na wenzake huko California, ulionyesha kwamba vijana wadogo ndio walioyataja zaidi matangazo ya Camel, na kwamba chapa hiyo ilikuwa inapanda hasa kwa umri huo.

Kampuni ilijibu, na majibu yake hayakuwa ya kijinga. Kumtambua ngamia, ilisema, si kununua sigara. Mtoto wa miaka sita anayetambua nembo ya gari hatanunua gari kesho, na wengi wa watoto wale wale wakiulizwa kuhusu sigara husema ni mbaya. Hoja hiyo ina nguvu. Mtoto wa miaka sita hakuwa mteja wa mtu yeyote mwaka 1991. Hata mwuzaji asiye na aibu asingemhesabu. Na takwimu ya asilimia 32.8 nayo ilikuwa na ufa, kwa sababu ililinganisha sampuli zilizokusanywa mahali tofauti kwa njia tofauti. Uchunguzi wa kitaifa ulionyesha picha ndogo zaidi.

Fischer alilipa gharama yake. Mawakili wa kampuni walifuata nyaraka za utafiti wake kwa njia ya mahakama, pamoja na majina ya watoto walioshiriki, naye akakataa kuyatoa. Vuta nikuvute hiyo ilidumu, na chuo chake hakikumsimamia kama alivyotarajia. Hatimaye aliacha kazi ya chuo akaenda kutibu wagonjwa kwenye kliniki binafsi. Silitaji hili ili tumwonee huruma tu. Kampuni inayoamini kwamba utafiti hauna maana haisumbuki kiasi hicho na karatasi zake.

Basi takwimu ipi inasimama vizuri? Mimi ningeshika ile ya Vituo vya Kudhibiti Magonjwa vya Marekani, CDC, iliyotolewa mwaka 1994. Waliwauliza vijana wavutaji kote nchini wananunua chapa gani. Mwaka 1989 Camel ilikuwa na asilimia 8.1 ya vijana hao. Mwaka 1993 ilikuwa na asilimia 13.3. Katika kipindi hicho hicho Marlboro ilishuka kutoka asilimia 68.7 hadi 60. Si mlipuko wa kutoka sifuri hadi theluthi moja kama ilivyodaiwa, lakini ni kupanda kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka minne, wakati katika soko zima Camel ilikuwa na takriban asilimia 4 tu. Marlboro, Camel na Newport kwa pamoja zilishika asilimia 86 ya vijana. Kwa wavutaji wote kwa jumla, chapa hizo tatu zilishika takriban theluthi moja. Na hizo tatu ndizo zilizotangazwa kwa fedha nyingi kuliko chapa zote mwaka 1993.

Jambo hili lingemshangaza mchumi. Kijana ndiye mwenye pesa kidogo kuliko wote, na wakati ule soko la Marekani lilijaa sigara za bei nafuu zisizo na jina. Watu wazima walizikimbilia. Kijana alizipita akaenda kununua ya bei ya juu yenye bango. Alikuwa ananunua bango.

Mwezi Machi 1992 Daktari Mkuu wa Serikali, Antonia Novello, akiwa pamoja na Chama cha Madaktari cha Marekani, aliitaka kampuni imwondoe Joe kwa hiari. Kampuni ilikataa. Malalamiko yalipelekwa Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, yenye mamlaka juu ya matangazo yasiyo ya haki. Juni 1994 makamishna walipiga kura, watatu kwa wawili, kutoifungulia kampuni mashtaka. Walisema ushahidi uliokuwa mbele yao haukutosha kuwafanya waamini kwamba sheria imevunjwa. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, wakuu wa kampuni saba za sigara, R.J. Reynolds ikiwemo, walikuwa wamesimama mbele ya kamati ya Bunge na kula kiapo kwamba hawaamini nikotini inaleta uraibu.

Uamuzi ule wa 1994 uliwaudhi wengi, lakini ukiusoma bila hasira unaona tatizo lenyewe. Ushahidi wote wakati huo ulitoka nje ya kampuni. Uliwahusu waliolitazama tangazo. Watoto wanamjua ngamia, vijana wanampenda, mauzo yanapanda. Kila kimoja kati ya hivyo kampuni ingeweza kukiita bahati mbaya. Sisi tunalenga watu wazima wenye umri mdogo, walisema, miaka 18 hadi 24, na kama mdogo wao amechungulia dirishani hilo si kosa letu.

Aliyefungua mlango alikuwa wakili wa San Francisco, Janet Mangini. Mwishoni mwa 1991, baada ya tafiti za JAMA, aliishtaki kampuni kwa sheria ya California ya ushindani usio wa haki. Kampuni ilidai kwamba sheria ya shirikisho kuhusu maonyo kwenye pakiti inazuia jimbo lisiingilie matangazo ya sigara. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya California ilikataa dai hilo na kesi ikaruhusiwa kuendelea. Kwa kuwa kesi inaendelea, kampuni ililazimika kukabidhi nyaraka. Hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Nyaraka zilisema nini? Moja ya mwaka 1974, iliyosomwa mbele ya wakurugenzi, ilizungumzia soko la vijana wa miaka 14 hadi 24 na kuwaita biashara ya sigara ya kesho. Soma tena namba ya kwanza: 14. Mwaka mmoja kabla yake, mwanasayansi wa kampuni alikuwa ameandika mawazo yake kuhusu chapa mpya kwa ajili ya soko la vijana, akichambua kwa nini mtu ambaye hajazoea sigara anaweza kuivumilia hadi aizoee. Mwaka 1984 mtafiti wa masoko wa kampuni, Diane Burrows, aliandika waraka mrefu unaosema kwamba wavutaji wenye umri mdogo ndio chanzo pekee cha kuziba pengo la wanaopungua, na kwamba wakiipa sigara mgongo sekta nzima itafifia, kama idadi ya watu wasiozaa inavyoisha mwishowe.

Hesabu hiyo haina chuki wala shetani ndani yake, na ndiyo maana inatisha. Mtu mzima ambaye hajawahi kuvuta ni nadra aanze. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya mwaka 1994 ilionyesha kwamba karibu wote wanaovuta kila siku walionja sigara ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 18. Chapa anayoanza nayo mtu huelekea kubaki nayo. Ukiunganisha mambo hayo mawili na mteja anayekufa, kampuni ambayo haiwapati vijana inakula mtaji wake. Waandishi wa nyaraka zile walilijua hilo vizuri kuliko watafiti wa JAMA, na walilijua mapema.

Karatasi ninayoirudia mimi zaidi, hata hivyo, haikuandikwa na mkurugenzi. Iliandikwa Januari 1990 na meneja wa mauzo huko Florida kwa wauzaji walio chini yake. Aliwaagiza wapitie orodha za maduka wanayoyahudumia na waweke alama kwenye yale yanayotembelewa sana na wanunuzi vijana, akitaja maduka yaliyo karibu na vyuo na shule za sekondari, ili maduka hayo yapewe bidhaa za promosheni. Agizo la namna hiyo hiyo lilitoka kwa meneja mwingine huko Oklahoma miezi michache baadaye. Zilipojulikana, kampuni ilisema wale walikosea na walikwenda kinyume na sera yake. Inawezekana. Lakini watu wawili katika majimbo mawili yaliyo mbalimbali wanaokosea kosa moja kwa maneno yanayofanana huwa wamesikia jambo kutoka mahali pamoja. Na tazama kazi yenyewe ilivyo ndogo: orodha, kalamu, alama pembeni ya jina la duka. Hakuna anayemwambia mtoto avute. Kuna mtu tu anayehakikisha kwamba akitoka shuleni na njaa yake, atamkuta Joe mlangoni.

Kesi ilikuwa isikilizwe mwishoni mwa 1997. Haikufika huko. Tarehe 28 Mei 1997 FTC, safari hii ikiwa na nyaraka mkononi, ilipiga kura tena, watatu kwa wawili, na kuishtaki kampuni. Juni kampuni za sigara zilifikia rasimu ya makubaliano na wanasheria wakuu wa majimbo iliyojumuisha kuachana na katuni. Julai Joe akaondolewa. Septemba kesi ya Mangini ikamalizwa nje ya mahakama, kampuni ikikubali kulipa dola milioni 10, nyingi kwa ajili ya kampeni za kuwazuia vijana wa California wasivute, na nyaraka zikaruhusiwa kutolewa. Januari 1998 mbunge Henry Waxman aliziweka hadharani.

Novemba 1998 majimbo 46 na kampuni kubwa za sigara zilitia saini makubaliano makuu: dola bilioni 206 kwa miaka 25, marufuku ya katuni, marufuku ya mabango ya nje, marufuku ya fulana na kofia zenye nembo za sigara. Mwanzoni mwa 1999 FTC iliifuta kesi yake kwa kuwa ilichokitaka kilikuwa kimepatikana. Kwa hiyo hakuna hakimu aliyewahi kutamka kwamba Joe Camel aliwafanya vijana wavute. Wanaotetea sekta hiyo hupenda kulikumbusha hilo, na kisheria wana haki.

Je, aliwafanya? Mwaka 1991 wanafunzi wa sekondari wa Marekani waliovuta ndani ya mwezi uliotangulia walikuwa asilimia 27.5. Mwaka 1997, mwaka wa mwisho wa Joe, walikuwa asilimia 36.4. Mwaka 2003 walikuwa wameshuka hadi asilimia 21.9. Inapendeza kuchora mstari kutoka kwenye ngamia hadi kwenye namba hizo. Mimi nisingeuchora mnene sana. Katikati hapo, Aprili 1993, Philip Morris ilipunguza bei ya Marlboro ghafla na wengine wakafuata, na sigara ikawa nafuu kwa kila kijana. Baada ya 1998 bei ilipanda sana kwa sababu ya makubaliano, na kampeni za kupinga sigara zikapata fedha. Joe alikuwa sehemu ya wimbi, na alikuwa sehemu iliyoonekana. Ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba aliwahamishia wengi kwenye Camel, na kwamba waliomtengeneza walikuwa na karatasi zinazoeleza kwa nini umri huo una thamani. Mwaka 2012 ripoti nyingine ya Daktari Mkuu wa Serikali, ikiwa na tafiti za miaka mingi mbele yake, ilihitimisha moja kwa moja kwamba matangazo na promosheni za kampuni za tumbaku husababisha vijana kuanza na kuendelea kuvuta.

Kilichofuata baada ya mabango kung'olewa hakisimuliwi sana. Mwaka 1997 kampuni za sigara zilitumia takriban dola bilioni 5.7 kwa matangazo na promosheni nchini Marekani. Mwaka 1999, baada ya marufuku yote yale, zilitumia bilioni 8.2. Mwaka 2003 zilitumia bilioni 15.1. Zaidi ya theluthi mbili ya fedha hizo za 2003 zilikwenda kwenye punguzo la bei dukani. Pesa ilitoka kwenye bango ikaenda kwenye kaunta, pale pale yule meneja wa Florida alipokuwa ameshapaona.

Hapo ndipo kisa hiki kinapofika kwetu. Afrika Mashariki ilikuwa na matangazo yake. Waliokulia miji yetu miaka ya 1980 na 1990 wanamkumbuka farasi wa sigara za Sportsman kwenye kuta za vibanda. Tanzania ilipitisha sheria ya bidhaa za tumbaku mwaka 2003, Kenya ikapitisha yake 2007, Uganda 2015, na nchi zote tatu zimeridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku unaotaka matangazo yapigwe marufuku. Mabango mengi yametoweka. Lakini ingia kwenye kioski chochote karibu na shule. Sigara ipo usawa wa macho ya mtoto, pembeni ya mtungi wa peremende, inauzwa moja moja ingawa sheria ya Kenya inakataza, na kiberiti kimefungwa kwa kamba dirishani ili mteja wa sigara moja asihitaji kununua cha kwake. Bei ya sigara moja inalingana na pesa ya mfukoni ya mwanafunzi. Mwuza duka hana kosa la kupanga njama. Anapanga anavyoona inauzika. Swali ni nani mwingine anapitia huko na kalamu.

Bidhaa nayo imebadilika. Mwaka 2019 tawi la kampuni ya sigara ya British American Tobacco (BAT) nchini Kenya liliingiza Lyft, vifuko vidogo vya nikotini vya kuweka kati ya mdomo na ufizi, ndani ya kikopo safi chenye ladha kama mnanaa. Hakuna moshi, hakuna harufu ya kumsaliti mtu nyumbani. Iliandikishwa na Bodi ya Famasia na Sumu badala ya kupita kwenye sheria ya tumbaku, na mwaka 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alisema uandikishaji huo haukufuata sheria. Mjadala uliozuka ulikuwa wa 1991 mtupu: je, vijana wanaijua? Wanaipenda? Wameiona wapi? Kampuni ikajibu kwamba ni ya watu wazima wanaotaka kupunguza sigara.

Joe Camel anaonyesha kwamba mjadala wa namna hiyo unaweza kuzunguka miaka sita bila kufika. Ningeanzia upande mwingine: bidhaa ilipelekwa maduka gani kwanza, orodha iliandaliwa na nani, na aliyeiandaa aliambiwa atafute nini? Nchini Kenya maswali ya jamii hiyo yana mlango wa kisheria. Kanuni za Udhibiti wa Tumbaku za 2014 zinazitaka kampuni ziwasilishe serikalini taarifa kuhusu bidhaa na mauzo yao. BAT ilizipinga kanuni hizo mahakamani kwa miaka kadhaa, ngazi kwa ngazi, hadi Mahakama ya Juu ilipoitupilia mbali rufaa yake Novemba 2019, miezi michache tu baada ya Lyft kuingia madukani.